Kuchora Mti wa Nasaba wa Mimea ya Jamii ya Kunde kwa Mbegu za Sokoni Mombasa: Mwongozo Kamili

Mtu akinunua njugu na njugu mawe kwa muuzaji mmoja pale Marikiti, akaona kwamba zote mbili huchimbwa ardhini, zote mbili huchemshwa na maganda yake kwa chumvi, na zote mbili huitwa njugu, hawezi kulaumiwa akidhani kuwa mimea hiyo ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe njugu mawe ni ndugu wa kunde, tena wa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi zilizo karibu, ilhali njugu ya kawaida, ile ambayo wengine huiita karanga au njugu nyasa, asili yake ni Amerika ya Kusini, na tawi lake lilijitenga na tawi la kunde mamilioni ya miaka iliyopita. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifikia jibu hilo kwa mikono yako mwenyewe, kuanzia kikapu cha mbegu hadi mti wa nasaba uliochorwa kwa DNA, na umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi au mkulima asiye na maabara. Utahitaji mbegu, vikopo vya udongo, lenzi ya kukuza mara 10, daftari, wembe, na kompyuta yenye intaneti kwa siku moja au mbili za mwisho.

Hatua ya kwanza: kuyasafisha majina

Kazi nyingi za nasaba huharibika kabla hata ya kupanda mbegu, kwa sababu mtunzaji amehesabu mmea mmoja mara mbili au ameunganisha mimea miwili chini ya jina moja. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilipanda pojo, choroko na ndengu katika vikopo vitatu, nikakaa wiki tatu nikingoja tofauti ambayo haikutokea, kwa kuwa zote tatu ni spishi moja, *Vigna radiata*: sisi watu wa Mombasa huiita pojo, Watanzania choroko, na ndugu zetu wa bara ndengu. Ukiondoa hiyo n ya mwanzo unapata dengu, ambayo unga wake ndio unaokaangiwa bajia, na hiyo ni spishi nyingine kabisa, *Cicer arietinum*, isiyo na ukaribu wowote wa pekee na pojo. Herufi moja tu imewatenganisha jamaa wa mbali kiasi hicho.

Kwa hiyo kila mbegu unayoinunua iandikie mara moja jina la muuzaji wake na jina la kisayansi. Orodha ifuatayo inatosha kwa kazi ya kwanza, na karibu yote inapatikana Marikiti au Kongowea:

- kunde, *Vigna unguiculata*
- pojo, *Vigna radiata*
- njugu mawe, *Vigna subterranea*
- maharagwe, *Phaseolus vulgaris*
- fiwi, ambazo bara huitwa njahi, *Lablab purpureus*
- mbaazi, *Cajanus cajan*
- soya, *Glycine max*
- njegere, *Pisum sativum*
- adesi, *Lens culinaris*
- dengu, *Cicer arietinum*
- njugu ya kawaida, *Arachis hypogaea*
- ukwaju, *Tamarindus indica*

Nunua mbegu nzima zisizokaangwa wala kupasuliwa. Adesi nyekundu za kupasuliwa hazioti, nawe utazilaumu bure.

Hatua ya pili: kuchagua spishi ya nje na kuwaondoa wageni

Mti wa nasaba hauna mzizi mpaka umpe mahali pa kuanzia, na mahali hapo hupatikana kwa kuweka spishi moja ambayo una hakika kwamba ilijitenga na wengine wote mapema kuliko wao walivyotengana. Hapa kazi hiyo tunaipa ukwaju. Familia nzima ya jamii ya kunde ina spishi zinazokaribia 19,500, na tangu mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa waliokubaliana juu ya familia hii wameigawa katika nusufamilia sita, mgawanyo uliojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya jeni moja ya kloroplasti, yaani chembe za kijani ndani ya seli za majani, iitwayo matK. Ukwaju umo katika Detarioideae. Mkrismasi wenye maua mekundu, uliotoka Bukini (Madagaska), umo katika Caesalpinioideae pamoja na migunga. Na mimea mingine yote ya orodha yetu imo katika Papilionoideae, ambao ni wenye maua ya umbo la kipepeo. Jina *indica* lisikupoteze: Waarabu waliuita ukwaju tende ya Uhindi, wataalamu wakalichukua jina hilo, lakini mti wenyewe ni wa asili ya Afrika.

Kuna wageni wawili ambao wanafunzi huniletea kila mara. Wa kwanza ni mlonge, ambao una maganda marefu yanayoning'inia na kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni jamaa wa kunde. Ukiupasua ua wake utaona kwamba hauna lolote la familia hii, na kwa hakika uko karibu zaidi na kabichi. Wa pili ni mvinje, na huyu ana hila zaidi. Mivinje iliyopandwa kuanzia mwaka 1971 katika machimbo yaliyoachwa ya Bamburi, chini ya usimamizi wa René Haller, iliweza kustawi juu ya mwamba mtupu wa matumbawe kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, mizizi yake ina vinundu vinavyoishi na vijidudu vya kunasa naitrojeni hewani, sawasawa na tunavyofundishwa juu ya kunde. Vijidudu vyenyewe lakini ni vya aina nyingine, vya jenasi *Frankia*, wakati kunde hushirikiana na bakteria waitwao raizobia, na mvinje wenyewe ni wa oda, yaani kundi lililo juu ya familia, tofauti na ya kunde. Vinundu vya mizizi, basi, si hati ya kuzaliwa ya jamii hii.

Hatua ya tatu: kupanda na kuangalia mche

Panda mwanzoni mwa masika au vuli, mbegu tano za kila spishi. Loweka usiku kucha, isipokuwa ukwaju, ambao ganda lake gumu linahitaji kukwaruzwa upande mmoja kwa tupa au msasa kabla ya kulowekwa. Tarajia kwamba maharagwe na njegere hayatafurahia joto letu. Maharagwe huangusha maua usiku unapokuwa na joto, lakini wewe huhitaji mavuno, unahitaji ua moja tu. Mbaazi za kienyeji huchukua miezi mingi kuchanua, hivyo ni afadhali uombe tawi lenye maua kwa jirani mwenye shamba.

Siku ya nne hadi ya kumi, andika jambo moja: je, ile mbegu iliyogawanyika nusu mbili imeinuliwa juu ya udongo, au imebaki chini na kikonyo peke yake kimepanda? Kunde, pojo, maharagwe, fiwi na soya huinua nusu hizo juu. Mbaazi, njegere, adesi, dengu na njugu mawe huziacha chini. Njugu ya kawaida inakaa katikati, nusu zake zikifika usawa wa udongo na kusimama hapo. Kumbuka kwamba tayari daftari lako lina ugomvi ndani yake, maana kunde na njugu mawe ni za jenasi moja lakini kila moja imefuata njia yake. Usilifute jambo hilo, liandike lilivyo.

Hatua ya nne: kulipasua ua

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Chuma ua asubuhi mapema kabla jua halijalilegeza, liweke juu ya karatasi nyeupe, ulitazame kwa lenzi kabla ya kuligusa kwa wembe.

Ua la kunde lina petali tano zisizolingana. Ile kubwa ya nyuma ni bendera, mbili za ubavuni ni mabawa, na mbili za chini zimeshikana zikafanya kitu ambacho mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili, kwa kuwa ni mkuku, na umekaa chini ya ua vile vile mkuku unavyokaa chini ya jahazi. Ndani ya mkuku ndimo zilimofichwa stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Zihesabu: utakuta 10, tisa zimeungana vikonyo vyake na kufanya mfereji, na moja imejitenga peke yake upande wa juu. Rudia kwa pojo, fiwi, mbaazi na njegere, utakuta mpango huo huo. Kisha pasua ua la njugu ya kawaida, utaona kwamba stameni zote zimeungana katika mrija mmoja usio na nafasi. Mwisho chukua ua la ukwaju, la manjano lenye mishipa myekundu: petali zilizokua vizuri ni tatu, stameni zenye kuzaa ni tatu, na mkuku haupo kabisa.

Linganisha sasa kunde na maharagwe, ambayo kwa macho ya haraka yanafanana mno. Mkuku wa maharagwe umejisokota kama konokono, wa kunde haukujisokota hivyo. Kuna na jaribio jingine lisilohitaji hata lenzi: bandika jani la harage kwenye shati la pamba, litang'ang'ania, kwa sababu upande wake wa chini una vinyweleo vilivyopinda kama ndoana za kuvulia. Jani la kunde litaanguka.

Majani nayo yahesabiwe vijani vyake. Kunde, pojo, njugu mawe, maharagwe, fiwi, mbaazi na soya kila jani lina vijani vitatu. Njugu ya kawaida ina vinne, jozi mbili. Ukwaju una jozi kumi au zaidi. Hifadhi tawi moja la kila mmea ndani ya magazeti chini ya matofali, na ubadilishe magazeti hayo kila siku kwa wiki nzima, kwani kwa unyevu wa Mombasa tawi lililosahauliwa siku mbili litaota ukungu.

Hatua ya tano: kuhesabu kwa kalamu

Usiikimbilie kompyuta. Chukua spishi nne tu, yaani ukwaju, njugu, njugu mawe na kunde, na sifa nne, uandike 1 palipo na sifa na 0 pasipo nayo.

Sifa ya kwanza, ua lenye mkuku: ukwaju 0, njugu 1, njugu mawe 1, kunde 1.
Sifa ya pili, vijani vitatu: ukwaju 0, njugu 0, njugu mawe 1, kunde 1.
Sifa ya tatu, stameni moja iliyojitenga na tisa: ukwaju 0, njugu 0, njugu mawe 1, kunde 1.
Sifa ya nne, kuzaa ardhini: ukwaju 0, njugu 1, njugu mawe 1, kunde 0.

Spishi nne haziwezi kupangwa katika mti usio na mzizi ila kwa njia tatu. Chora zote tatu, kisha kwa kila mti uhesabu ni mara ngapi kila sifa ililazimika kubadilika ili matokeo yawe kama tunavyoyaona. Mti unaowaweka pamoja njugu mawe na kunde unahitaji mabadiliko 5, kwa kuwa sifa tatu za mwanzo zinabadilika mara moja moja na kuzaa ardhini kunabadilika mara mbili. Mti unaowaweka pamoja njugu na njugu mawe, ule ambao jina la sokoni lingetaka tuuchague, unahitaji 6. Wa tatu, unaoweka pamoja kunde na njugu, unahitaji 7. Kanuni inasema tuchague wenye mabadiliko machache zaidi, maana kila badiliko la ziada ni tukio ambalo tunadai lilitokea bila kulazimika.

Ushindi wa hatua moja ni mdogo, nami nakubali. Kwa hiyo rudi shambani ukaitazame hiyo sifa iliyokataa kutii. Chimbua polepole njugu inayozaa, utaona kwamba ua lilichavushwa juu ya ardhi, kisha sehemu iliyo chini ya ovari ikarefuka kama sindano na kuishindilia ovari udongoni. Katika njugu mawe kinachorefuka ni kikonyo kilichobeba maua. Matokeo ni mamoja, lakini kiungo kilichofanya kazi ni tofauti, na huo ni ushahidi mzuri kwamba mimea hii ilijifunza kuzika watoto wake kila mmoja kwa wakati wake na bara lake, mmoja Amerika ya Kusini na mwingine Afrika Magharibi. Sifa iliyoonekana kuwa moja ilikuwa mbili zilizovaa kanzu moja.

Ukishaelewa hesabu hiyo utaelewa pia kwa nini hatuwezi kuendelea kwa kalamu. Spishi tano zina miti 15 isiyo na mzizi, sita zina 105, saba zina 945, na kumi zina 2,027,025. Orodha yetu ina 12.

Hatua ya sita: kuileta DNA

Hakuna haja ya kuwa na maabara, kwa sababu wengine wamekwisha kusoma DNA ya mimea hii na kuiweka hadharani. Fungua hazina ya GenBank, ambayo ni ya bure, uandike jina la kisayansi likifuatwa na neno matK. Hazina hiyo haijui kunde wala mbaazi. Jeni ya matK ina urefu wa herufi zipatazo 1,500, inabadilika kwa kasi inayofaa kutofautisha jenasi, na mwaka 2009 ilichaguliwa pamoja na jeni nyingine ya kloroplasti, rbcL, kuwa alama za kutambulisha mimea ya nchi kavu. Pakua mfuatano mmoja mrefu wa kila spishi katika muundo wa FASTA, yaani faili ya maandishi matupu, uyaweke yote katika faili moja, na ubadilishe vichwa vyake virefu viwe majina mafupi kama Kunde_Vigna, la sivyo mti utakaotoka utajaa namba zisizosomeka.

Ingiza faili katika programu ya MEGA, nayo ni ya bure, na uiagize iilinganishe mifuatano kwa njia ya MUSCLE. Kazi hii ndiyo nusu ya matokeo yako, hivyo usimwachie mashine. Pitia kwa jicho: kwa kuwa matK ni jeni inayotengeneza protini, mapengo halali karibu yote huwa ya herufi tatu au zidisho la tatu, ukiona pengo la herufi moja katikati, shuku kosa la usomaji. Ukiona spishi moja imetofautiana na wenzake kila mahali, huenda mfuatano wake umewekwa kinyume, nawe inakubidi uugeuze. Kata ncha za mwanzo na mwisho ambazo spishi nyingi hazina data.

Kisha iambie programu itafute modeli ya mabadiliko ya herufi za DNA inayofaa zaidi, ijenge mti kwa njia ya uwezekano wa juu kabisa (maximum likelihood), na ifanye majaribio 1,000 ya kuchota upya (bootstrap), mbinu ambayo Joseph Felsenstein aliileta katika nasaba mwaka 1985. Katika kila jaribio safu za herufi huchotwa kwa bahati nasibu, nyingine mara mbili na nyingine zisichotwe kabisa, na mti hujengwa upya. Namba utakayoiona penye tawi ni asilimia ya majaribio yaliyolirudisha tawi hilo. Mimi hulivunja tawi lolote lililo chini ya 70 na kuacha matawi yake yatoke pamoja mahali pamoja. Mwisho weka mzizi kwenye ukwaju.

Hatua ya saba: kuusoma mti

Ukitoka ukwaju, njugu inapaswa kujitenga kwanza peke yake. Baada ya hapo mti unapasuka mapande mawili makubwa, mpasuko unaokadiriwa kuwa wa miaka ipatayo milioni 54 iliyopita. Upande mmoja utawakuta njegere, adesi na dengu, mimea ya nchi za baridi, na njegere na adesi watakuwa karibu zaidi wao kwa wao kuliko na dengu. Wana na ushahidi mwingine usiotegemea matK: kloroplasti za mimea mingi hubeba kipande kikubwa kilichorudiwa mara mbili, na wote hawa watatu, pamoja na jamaa zao, wamepoteza nakala moja. Badiliko kubwa kama hilo ni nadra kutokea mara mbili, kwa hiyo thamani yake haiwezi kulinganishwa na ya herufi moja iliyobadilika.

Upande wa pili ndio wetu wa joto. Humo mbaazi na soya watakaa nje kidogo, na usishangae wakibadilishana nafasi ukibadilisha modeli. Maharagwe, fiwi, kunde, pojo na njugu mawe watafanya kundi moja la ndani. Kunde, pojo na maharagwe wote wana kromosomu 22, lakini harage ni la Amerika, pojo ililimwa kwanza Bara Hindi, na kunde ni ya Afrika. Carl Linnaeus mwaka 1753 aliiweka pojo katika *Phaseolus* pamoja na maharagwe, ikahamishiwa *Vigna* mwaka 1954. Njugu mawe ilikuwa na jenasi yake yenyewe, *Voandzeia*, mpaka Bernard Verdcourt, aliyewahi kufanya kazi katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, alipoihamishia *Vigna* mwaka 1980, kabla ya DNA kuwa chombo cha kila siku. Aliona kwa macho yale yale uliyotumia katika hatua ya nne.

Kuna tahadhari moja ambayo miongozo mingi huiruka. Kloroplasti, katika mimea mingi, hurithiwa kwa mama, na kwa hiyo mti wa matK ni wa ukoo wa kukeni peke yake. Njugu ilizaliwa kwa kuchanganyika spishi mbili za mwituni, *Arachis duranensis* na *Arachis ipaensis*, ikabaki na kromosomu za wote wawili, 40 kwa jumla. MatK yake itakupeleka kwa *duranensis*, aliye mama, na wa kuumeni hatatajwa popote. Ukitaka kumwona, rudia hatua ya sita kwa jeni za kiini cha seli, na ulinganishe miti miwili kabla ya kuamini wowote.

Ukiwa na mti huu mkononi, ongeza spishi mbili za vichakani. Upupu, *Mucuna pruriens*, uchukuliwe kwa glavu na wakati wa maua, kabla maganda hayajakauka. Mtipitipi, *Abrus precatorius*, wenye mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, una sumu kali ndani ya mbegu, hivyo zisiachwe mezani penye watoto wala zisitobolewe. Majani yake yenye jozi nyingi za vijani yatakuvuta uuweke karibu na ukwaju. Kabla hujafanya hivyo, pasua ua lake, utafute mkuku, na uhesabu stameni: utakuta tisa, zote zimeungana, na ile ya kumi haipo.